Mti wa Merikani

Wiki ile nzima nyumba ya Mzee Uwesu, fundi cherehani wa mtaa wa Gongoni, Tabora, ilinuka pasi ya mkaa. Mkewe, Bi Hafsa, alikuwa akipiga pasi nguo za binti yao Ummy, na sanduku la Ummy lilikaa karibu na mlango wa mbele, limekazwa mikanda, utadhani safari ni ya saa ile ile. Ummy kila akipita pale alilikwepa na kugeuza uso. Sanduku halikumkosea kitu, lakini alikuwa hataki hata kuliona.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Baba yake mdogo, Rashidi, aliyehamia Dar es Salaam siku nyingi, alikuwa amemtafutia kazi ya kompyuta katika ofisi moja ya ghorofani. Meza yake mwenyewe, mshahara wa kila mwezi, na kiyoyozi ambacho, kwa maneno ya Rashidi kwenye simu, kinapuliza mpaka watu wanavaa sweta. Treni ilikuwa Jumapili. Ukimsimulia mtu yeyote pale Gongoni atakuuliza kwa nini Ummy hajaondoka jana.

Ummy hakutaka kwenda. Alikuwa na miaka ishirini na sita, amesomea kompyuta chuoni, na alipomaliza alirudi Tabora akajifungia katika chumba cha uani kuandika programu ya warina asali wa Tura. Alipenda kuamka akisikia cherehani ya baba ikilia barazani kabla ya chai. Alipenda kwamba akitoka kununua vocha anarudi na habari za mtaa mzima. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema kwa sauti, maana lilimtia haya: ile programu ndiyo kitu cha kwanza alichokitengeneza kwa mikono yake tangu mwanzo mpaka mwisho, na alikuwa anakipenda.

Makubaliano kati yake na baba yalikuwa mafupi. Jumamosi ataipeleka programu Tura, mbele ya kikundi kizima. Wakiikubali, watampa kazi ya kuitunza, na vikundi vingine viwili vilivyokuwa vinasubiri kuona mambo yatakuwaje vitafuata, naye atabaki. Wakiikataa, Jumapili anapanda treni bila kununa.

"Bila kununa," Mzee Uwesu alirudia, maana alimjua mwanawe.

Kazi ya programu haikuwa ngumu kuieleza. Mnunuzi wa asali alitaka kujua kila ndoo imerinwa na nani, kambi gani ya porini, na katika mizinga yenye alama gani. Warina wa kule huchonga alama zao kwenye gome la mzinga, kila mtu na yake: huyu mikato mitatu, yule duara na mkia. Asali isiyojulikana ilikotoka humiminwa katika pipa moja na ya watu wengine, na jina la Tura huishia humo humo. Kwa hiyo Ummy alikuwa amekwenda Tura mara mbili, akamkalisha kila mrina peke yake, akamwuliza ana mizinga mingapi, iko wapi, ina alama gani na imejaza ndoo ngapi. Akayaingiza yote kwenye kompyuta.

Jumatatu akaiambia programu ijumlishe. Ikasema ndoo hamsini na moja.

Ghalani Tura kulikuwa na ndoo arobaini na tatu.

Alimtumia ujumbe mwenyekiti wa kikundi, Mama Consolatha, mwanamke wa makamo asiyeogopa nyuki wala mkuu wa wilaya. Haikupita dakika tano simu ikalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeona ujumbe wako. Hongera sana."

"Hongera ya nini, mama?"

"Ya ndoo nane! Sisi tumekaa porini wiki sita, tumeumwa na nyuki mpaka kwenye kope, tukapata arobaini na tatu. Wewe umekaa hapo Gongoni umejifunga kanga yako, umerina nane peke yako. Tuambie ni pori gani na sisi tuje." Alicheka mpaka simu ikakwaruza. Kisha akaacha kucheka. "Ummy, Jumamosi watu watakuja wote. Ukija na hesabu hiyo watakucheka, na mimi sitaweza kuwazuia. Mimi mwenyewe nitakuwa nacheka."

Ummy akafungua msimbo wake, yaani maandishi ya programu, kutafuta kosa, na hapo ndipo roho ilipomshuka. Mistari elfu sita na mia nne, yote kwenye faili moja. Alikuwa ameandika kila kitu pale alipokikumbuka: kipande cha kambi kimekaa juu ya kipande cha alama, kipande cha alama kimeingia katikati ya kipande cha kuchapa ripoti, na mahali fulani katikati kulikuwa na maneno yake mwenyewe yasemayo "hapa usiguse, sijui kwa nini inafanya kazi." Alisoma kutoka juu hadi chini, akapotea. Akasoma kutoka chini kwenda juu, akapotea vibaya zaidi. Jumanne ikapita hivyo hivyo, chai ikipoa pembeni, na pasi ya mkaa ikinuka kutoka ndani.

Jumatano asubuhi akameza kiburi chake. Chuoni mwalimu mmoja aliwahi kuwaonyesha programu ya kupanga mambo kwa vichwa na matawi. Ummy alikuwa amecheka siku ile, tena kwa sauti, akasema hiyo ni ya watu wanaopanga viatu vyao kwa rangi. Sasa akaitafuta, akaipakua, akaanza kukata msimbo wake vipande vipande.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kustarehesha ajabu. Unaandika kichwa: Kambi. Chini yake unatundika vichwa vidogo: kuandikisha kambi, kubadili jina la kambi, kufuta kambi. Ndani ya kila kichwa unaweka kipande chake cha msimbo na si zaidi. Usichokihitaji unakikunja, kinapotea machoni, ukikihitaji unakikunjua. Na ukibonyeza kitufe, mambo yote yanachorwa kama mti, shina juu na matawi yakishuka chini, ukaona nini kimetoka kwa nini. Mpaka adhuhuri ile mistari elfu sita ilikuwa imekuwa vichwa tisa vilivyokunjwa vizuri kwenye kioo. Ummy alivitazama kwa raha, akivifungua na kuvifunga bila sababu.

Hapo akaona kitu. Kipande cha kujumlisha ndoo kilikuwa mara tatu. Kimoja chini ya Kambi, kimoja chini ya Warina, kimoja chini ya Ripoti. Alikuwa amekiandika, akakinakili, akakinakili tena, halafu akarekebisha kimoja na kuwasahau wenzake. Akafuta viwili. Lakini kile kilichobaki akitundike wapi, wakati kote kunakitaka? Akasoma maelekezo, na maelekezo yakasema: kitundike kote. Programu ile ilikuwa inakubali kitu kimoja kikae chini ya matawi mawili au matatu, na si kwa nakala. Ni kile kile. Ukikigusa hapa, kimeguswa na kule. Ukikihesabu, ni kimoja.

Ummy alicheka peke yake mle chumbani mpaka mama yake akachungulia, pasi mkononi.

"Kuna nini?"

"Kitu kimoja, mama, kiko mahali patatu, na bado ni kimoja!"

"Alhamdulillahi," alisema Bi Hafsa, ambaye hakuelewa hata neno, akarudi kwenye gauni lake.

Alhamisi, msimbo ukiwa safi kama sahani iliyooshwa, Ummy akajumlisha tena huku amejishika kifua. Ndoo hamsini na moja.

Mtu mwingine angeitupa kompyuta kisimani. Ummy mwenyewe aliifikiria. Lakini safari hii kulikuwa na tofauti moja: sasa aliuona msimbo wote, tawi kwa tawi, na akajua hauna kosa. Basi kosa liko kwenye orodha ya warina, kwenye yale waliyomwambia. Akaisoma orodha mara nne. Kila mrina alikuwa na jina lake, kambi yake, alama zake, ndoo zake. Hakuna mahali palipogongana. Watu wale hawakuwa waongo, na hesabu ilikuwa inasema kuna uongo wa ndoo nane.

Akaamua kwamba kama yeye haoni, wenyewe wataona. Akaingiza warina wote kwenye ile programu ya matawi: kikundi ndio shina, kambi tatu ndizo matawi makubwa, warina chini ya kambi zao, na kwa kila mrina alama zake na ndoo zake. Akachora kila alama kwa mkono, akaipiga picha, akaiweka mahali pake. Kisha akaenda steshenari kuchapa mti mzima, na steshenari ilikuwa na karatasi ndogo tu. Akarudi nyumbani na karatasi thelathini na sita, akakaa barazani na chupa ya gundi.

Mzee Uwesu alimtazama kwa muda bila kusimamisha cherehani.

"Unagundisha nini?"

"Mti, baba. Wa warina."

"Kwa gundi hiyo? Ukifika Tura utakuwa umepukutika majani yote." Akainuka, akavuta kipande kirefu cha merikani kilichobaki kwenye kazi ya mashuka, akakitandaza sakafuni. Akazikata zile karatasi kwa kufuata matawi, kila mrina kipande chake, kila alama kipande chake, akaanza kuzishona juu ya kitambaa kama anashona mifuko. Mshono akauachia mrefu kuliko wote. Karatasi, alieleza, ukiipiga mshono mfupi inatoboka na kukatika kama stempu. Alipofika katikati akainua kichwa. "Hili shina mbona liko juu?"

"Ndivyo kompyuta zinavyochora."

"Haya," alisema mzee. "Mteja akitaka mfuko mgongoni, fundi anauweka mgongoni."

Walishona mpaka adhana ya alasiri, baba akiendesha, binti akishika pembe. Hakuna aliyeitaja Jumapili. Ummy alimwangalia baba yake akilamba uzi na kuupitisha kwenye tundu la sindano kwa jicho moja, akajisikia huzuni ya ghafla, akajifanya kupiga chafya.

Jumamosi wakapanda basi la asubuhi wote wawili, merikani imeviringishwa kwapani mwa baba. Tura waliwakuta warina zaidi ya ishirini wamekwisha kaa ndani ya ghala, na Mama Consolatha mlangoni ameshika jogoo miguu.

"Karibu, Mzee Uwesu. Nimekusubiri wewe umchinje, tule wote kwa amani."

Jogoo akachinjwa, akapelekwa jikoni, na merikani ikatundikwa kwenye misumari miwili ya boriti. Watu wakasogea. Kisha mtu mmoja akacheka, na wote wakafuata.

Aliyecheka kwanza alikuwa Mzee Masele, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, aliyetembelea fimbo tangu alipoanguka kutoka juu ya mti wa mninga na kuvunja mguu misimu miwili iliyopita.

"Mwangaluka, binti!" alisalimu kwa Kinyamwezi. "Mimi nimelala porini miaka arobaini. Mti ukiuona mizizi iko juu, huo umeng'olewa na upepo. Hakuna mjinga anayetundika mzinga wake hapo."

Ummy akajaribu kueleza kwamba kompyuta huanzia juu. Wapi! Kila alivyoeleza ndivyo walivyozidi kumwuliza kama na nyuki wa kompyuta huruka chali. Mwishowe kijana mmoja mrefu, Amon, Mmoraviani mpole mwenye mabega ya mpanda miti, akainuka, akaitungua merikani, akaigeuza, akaitundika upya. Shina likakaa chini, matawi yakapanda juu. Ghala zima likapiga makofi.

Ila sasa maandishi yote yalikuwa kichwa chini miguu juu. Waliosoma wakaanza kupinda shingo. Mama Consolatha aliinama mpaka kilemba kikakaribia kugusa sakafu, akisoma majina ya watu wake kama anayetafuta kiatu uvunguni. Kati ya wote aliyesimama wima alikuwa Mzee Masele, ambaye hakupata kusoma hata darasa moja. Yeye alikuwa anasoma alama, na alama ya mzinga mtu huiona kwa chini akiwa ardhini, kwa ubavu akiwa kwenye kamba, na kwa juu akiwa tawini. Kugeuzwa hakukumpa shida yoyote.

Akapita nayo tawi kwa tawi, akinyoosha fimbo. "Huyu Bertila. Huyu Sylvester. Huyu mimi, mikato miwili na jicho, ndoo nane, sawa." Fimbo ikasogea tawi la jirani. "Huyu Amon, mshale wake, ndoo sita. Na hii tena..." Akasogea karibu mpaka pua ikakaribia kugusa kitambaa. "Hii tena ni mimi. Mikato miwili na jicho, ndoo nane. Mimi natafuta nini kwa Amon?"

Ummy akahisi damu inampanda usoni. Ile alama aliiona kwenye orodha mara nne. Aliichora kwa mkono wake mara mbili! Alidhani warina wawili wanaweza kutumia alama moja, kama mafundi wanavyotumia mshono mmoja wa kanzu.

"Si nilisema," alisema Amon kwa aibu. "Uliniuliza mizinga yangu mingapi. Ile ya mzee tangu aumie napanda mimi. Kwetu hapa mwenye kamba akiulizwa, anaihesabu."

"Na mwenye alama akiulizwa anaihesabu," alisema Masele. "Mzinga una watu wawili. Nani asiyejua hilo?"

Asiyejua alikuwa mmoja tu, na alikuwa ametoka Gongoni.

Mama Consolatha akainyoosha shingo yake kwa shida. "Mimi kwenye daftari huandika 'Masele na Amon, nane'. Basi, mambo yamekwisha." Hakusema kwa ubaya, lakini Ummy alitamani sakafu ifunguke. Miezi yote ile hakuwahi kuomba kuliona lile daftari. Aliona ni la kizamani.

"Sasa si rahisi?" alisema mtu nyuma. "Afute mmoja."

Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama.

"Anifute mimi," alisema Amon upesi. "Mimi nina sita zangu. Mzee ukimfuta hana ndoo, na asiye na ndoo siyo mwanachama. Anifute mimi."

"Ukimfuta Amon," Masele akanguruma, "hiyo mashine itamwambia mnunuzi kwamba nimepanda mwenyewe kwa mguu huu. Kijana huyu amening'inia kwenye kamba kwa ajili yangu misimu miwili. Leo aandikwe hakuwepo? Nifute mimi."

"Mzee, utatoka kikundini!"

"Basi nitatoka!"

"Hutoki!"

"Natoka! Wewe nani wa kunizuia kutoka?"

Wakawa wanagombana kwa sauti, pua kwa pua, kila mmoja akidai kufutwa yeye, Amon akilengwalengwa na machozi na Masele akipiga fimbo chini, mpaka kuku wa nje wakakimbia. Mzee Uwesu, aliyekaa pembeni juu ya gunia, alisema baadaye kwamba amepatanisha watu wengi wanaogombania kitu, lakini wanaogombania kunyimwa hajawahi kuwaona.

Mama Consolatha akainua mkono. "Ummy, mwanangu. Sisi tunakupenda, na mti wako ni mzuri, hata ulipokuwa umeanguka. Lakini kama mashine inataka tuseme uongo ndipo hesabu itimie, sisi tutabaki na daftari. Hatuwezi kumfuta mtu aliyeko."

Watu wakaguna kukubali. Wengine wakaanza kuinuka. Ummy alisimama mbele yao, na kichwani alisikia honi ya treni waziwazi. Jumapili. Sanduku. Sweta. Alitaka kulia, na alikuwa karibu kabisa kulia, pale macho yake yalipotua juu ya kile kipande cha karatasi chenye mikato miwili na jicho, upande wa Masele, halafu juu ya kipande pacha upande wa Amon. Kitu kimoja kimenakiliwa mara mbili.

"Ngojeni!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotarajia. "Kaeni! Mama Consolatha, naomba ukae. Hafutwi mtu!"

Akafungua kompyuta juu ya ndoo ya asali. Kosa lile lile alilolitoa kwenye msimbo Jumatano alikuwa amelirudisha Alhamisi kwenye watu. Akafuta nakala iliyokuwa kwa Amon. Akashika zile ndoo nane za Masele, zenyewe, akazitundika tena chini ya tawi la Amon, bila kuziondoa kwa Masele. Kitu kimoja, mahali pawili. Akaigeuza kompyuta wote waone.

"Hizi hapa ziko kwa mzee. Zile pale ziko kwa Amon. Ni zile zile. Mzee ni mwenye alama, Amon ni mwenye kamba, mnunuzi atawaona wote wawili. Na mashine ikihesabu, inahesabu mara moja." Akabonyeza.

Arobaini na tatu.

Mama Consolatha aliitazama ile namba, akatazama ndoo zilizopangwa ukutani, akasema, "Tuhakikishe." Wakaanza kuhesabu wote kwa pamoja, yeye akigonga kila kifuniko kwa kiganja, moja, mbili, tatu, sauti zikipanda kadiri walivyosogea, thelathini na tisa, arobaini, na walipofika arobaini na tatu ndoo zikaisha, na Bertila akapiga kigelegele kilichozibua masikio ya kila mtu ghalani.

Mzee Uwesu hakuwa na habari ya vigelegele. Alikuwa amekwisha toa wembe mfukoni na kufumua mishono ya kile kipande cha ziada. Kipande kilichobaki akakihamisha katikati, baina ya tawi la Masele na tawi la Amon. Kisha akatunga uzi mwekundu kwenye sindano ya mkono, akakishona kwa huyu, akakishona na kwa yule.

"Hapo sasa," alisema, akikata uzi kwa meno. "Upepo ukija utawakuta wote."

Masele akatazama ule uzi kwa muda mrefu. Uso wake wenye makelele ukatulia. Akamshika Amon begani, na Amon akaufunika mkono wake kwa wa kwake, nao hawakugombana tena siku ile.

"Anayeikubali kazi ya binti huyu asimame," alisema Mama Consolatha.

Wa kwanza kusimama alikuwa mwenye mguu mbovu, akijiinua kwa bega la Amon. Wengine wakafuata, wote, hata wapishi waliokuja na sinia la wali na jogoo wakasimama nalo mlangoni bila kujua wanakubali nini. Ummy alicheka na kulia kwa pamoja, na hakujali nani anamwona. Alikuwa na furaha iliyomjaa mpaka kooni.

Merikani waliiacha imetundikwa pale pale, maandishi kichwa chini, maana hakuna aliyekubali igeuzwe tena. Ummy aliahidi kwamba programu yake itajifunza kuchora shina chini. Walipofika Gongoni jua lilikuwa bado halijazama, na Bi Hafsa alikuwa barazani, amesimama, amesahau kuvaa viatu.

"Wamekubali?"

"Wamekubali, mama!"

Bi Hafsa akakaa kwenye kiti cha cherehani. Ummy akaingia ndani moja kwa moja mpaka kwenye sanduku, adui yake wa wiki nzima, alifungue arudishe nguo zake kabatini. Akalishika kwa mikono miwili, akajikaza, akalinyanyua kwa nguvu, akayumba nalo mpaka ukutani. Lilikuwa jepesi mno. Akafungua mikanda. Ndani hakukuwa na kitu.

Aligeuka. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, hukupanga kitu? Treni ni kesho asubuhi."

"Nilikuwa napanga," alisema Bi Hafsa. "Kila nikishaziweka nazitoa. Naona zimejikunja, nazipiga pasi upya."

"Wiki nzima?"

"Ulitaka nifanye nini? Ningekwambia ubaki ningekuwa nakuzibia riziki." Akajifuta pua kwa ncha ya kanga. "Hilo gauni lako la kijani nimelipiga pasi mara kumi na moja. Limeanza kung'aa makalioni, utanisamehe."

Barazani cherehani ikaanza kulia, ingawa Mzee Uwesu hakuwa na kazi yoyote ya jioni ile. Ummy akamkumbatia mama yake, akiwa bado ameshikilia sanduku tupu kwa mkono mmoja, na mama akamwambia aliondoe pale mlangoni, linazuia watu kupita.